Mwana Kwanza, Kazi Baadaye

Tarehe 29 Novemba 1889, mahakama ya Venice, Italia, iliamua kwamba mwanamke Mwafrika aliyeletwa mbele yake hakuwa mali ya mtu yeyote. Mwanamke huyo alizaliwa Darfur, Sudan, karibu mwaka 1869. Watekaji walimnyakua akiwa bado mtoto, akauzwa na kununuliwa mara kadhaa, na katika nyumba mojawapo akachanjwa michanjo 114 kwa wembe, kisha vidonda vikasuguliwa chumvi ili makovu yasifutike. Hofu ya kutekwa ilimfanya asahau jina alilopewa na wazazi wake. Bakhita, jina ambalo dunia inamjua nalo, alipewa na wafanyabiashara ya watumwa.

Mwaka 1883 alinunuliwa na konseli wa Italia mjini Khartoum, na miaka miwili baadaye akafika Italia, akawa yaya wa mtoto wa familia ya Michieli. Mama wa nyumba alipotaka kuondoka naye kurudi Sudan, Bakhita alikuwa akifundishwa dini kwa masista wa Canossa mjini Venice. Akakataa kutoka. Mzozo ukafika mahakamani, na mahakama ikasema kwamba sheria ya Italia haiutambui utumwa. Tarehe 9 Januari 1890 akabatizwa Josefina, baadaye akajiunga na shirika la masista hao, akatumwa Schio, mji mdogo wa kaskazini, akawa mpishi, mshonaji na mfungua mlango hadi alipofariki tarehe 8 Februari 1947. Watu walizoea kumwona akilibusu birika la ubatizo. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000.

Anayesoma habari zake kwa haraka huona ushindi. Akisoma taratibu, huona pia kwamba mambo matatu hayakubadilika kamwe: jina la kwanza halikukumbukwa, makovu hayakufutika, wazazi hawakuonekana tena. Bakhita aliacha tu kuyangojea hayo ndipo ajue yeye ni nani. Hapo ndipo lilipo jambo ambalo Mkristo anayehangaika na nafsi yake anaweza kujifunza, na linatofautiana kidogo na yale yanayosemwa siku hizi kwenye semina za kujiamini.

Swali la "mimi ni nani" huja kwa sura nyingi. Linamkuta mhitimu aliyezungusha bahasha ya vyeti miaka mitatu bila ajira. Linamkuta mke anayeulizwa kila Krismasi kijijini atazaa lini. Linamkuta mstaafu ambaye simu yake imenyamaza tangu akabidhi ofisi. Afrika Mashariki mtu hutambulishwa kwa watu wake: mtoto wa nani, wa ukoo gani, ameoa wapi. John Mbiti, kasisi wa Kianglikana aliyezaliwa Kitui mwaka 1931, alilieleza hilo katika kitabu chake maarufu cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika: mtu hupata utu wake ndani ya jamaa yake. Huo ni utajiri mkubwa, na asitokee mhubiri wa kumshawishi mtu autupe. Tatizo huja siku jamaa yenyewe inapomgeuka mtu, ikamwita tasa, mzembe au mkosi. Kama hana pengine pa kusimama, huyaamini maneno hayo.

Kisha kuna kujilinganisha. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Leon Festinger, alieleza kwamba mtu asiyekuwa na kipimo cha wazi cha uwezo wake hujipima kwa wenzake. Wakati huo wenzake walikuwa majirani na watu wa kazini. Leo wamo ndani ya simu, na wote wanaonekana wanajenga, wanaoa na kusafiri.

Jibu la Biblia linaanzia mahali pasipotarajiwa, katika sura ya kwanza ya Marko. Yesu anatoka majini Yordani, na sauti kutoka mbinguni inamtambulisha kuwa Mwana apendwaye, anayempendeza Baba. Ukiangalia mpangilio wa sura hiyo, hajahubiri bado, hajamponya mtu, hajamwita mwanafunzi hata mmoja. Uwana unatangazwa kwanza, kazi inafuata. Mtume Paulo anaipeleka habari hiyo kwa waumini wote katika Warumi 8, anapowaambia kwamba hawakupokea roho ya utumwa ya kuwarudisha kwenye hofu, wamefanywa wana. Wakristo wengi wanayajua maandiko hayo kwa moyo, lakini wanaishi kana kwamba mpangilio ni kinyume: nifanye kazi vizuri, nitoe vizuri, niombe sana, ndipo labda nitaitwa mwana.

Kuna kisa kingine kisichohubiriwa mara nyingi, cha Mefiboshethi katika 2 Samweli 9. Huyu ni mjukuu wa mfalme aliyeanguka, kilema wa miguu yote miwili, anaishi kwa watu huko Lo-debari. Mfalme Daudi anapomwita, anajiita mbwa mfu. Mfalme hambishii, wala hampi somo la kujiamini. Anamrudishia mashamba ya babu yake na kumweka mezani pake ale pamoja na wana wa mfalme, na sura inamalizika kwa kutaja tena kwamba alikuwa kilema. Miguu haikupona. Alibadilishiwa mahali pa kulia chakula, na hilo lilitosha kumpa nafasi nyumbani kwa mfalme.

Ushauri wa kwanza unatoka hapo. Anayetaka kujikubali kwa njia ya imani aache kuanza na orodha ya sifa zake nzuri. Orodha ya namna hiyo husaidia siku njema, lakini siku ya kufeli mtihani hugeuka ushahidi dhidi yake. Aanze na swali la nani amempokea.

Henri Nouwen alilijua hili kwa njia ngumu. Alikuwa padri wa Uholanzi, mwandishi mashuhuri wa vitabu vya kiroho, aliyefundisha Yale na Harvard. Akaacha ualimu, na mwaka 1986 akahamia Daybreak, jumuiya ya L'Arche karibu na Toronto, Kanada, ambako watu wenye ulemavu wa akili huishi nyumba moja na wasaidizi wao. Akapangiwa kumhudumia Adam Arnett, kijana mwenye kifafa asiyeweza kusema wala kuvaa nguo mwenyewe. Kila asubuhi profesa alimwamsha, akamwogesha, akampa uji wake. Adam hakuwa amesoma kitabu chake hata kimoja na wala hakujua maana ya Harvard. Nouwen aliandika baadaye kwamba kijana huyo alikuwa mwalimu wake. Wasomaji wanaosimuliana habari hii mara nyingi huacha sehemu inayofuata: muda mfupi baada ya kuhamia huko Nouwen alivunjika moyo kabisa, akalazimika kukaa miezi kadhaa mbali na jumuiya akisaidiwa na washauri. Aliyekuwa ameandika kurasa nyingi kuhusu upendo wa Mungu alishindwa kwa muda kuamini kwamba na yeye anapendwa. Akarudi, akaendelea kuishi Daybreak hadi mwaka 1996, walipofariki wote wawili, Adam mwezi Februari na yeye Septemba. Anayedhani kwamba Mkristo aliyekomaa hujikubali mara moja na yakaisha, aisome habari hiyo yote.

Sasa pingamizi, maana lipo, na lina nguvu. Katika Afrika imani hiyo hiyo inayosema "wewe ni mwana" mara nyingi ilimwambia mtu kwanza atupe jina lake. Mwaka 1970 mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, wakati huo akiitwa James, aliuhutubia mkutano mkuu wa kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki mjini Nairobi, akasema kwamba yeye si mtu wa kanisa. Mzee mmoja akainuka kwa hasira na fimbo yake, akamwambia kwamba jina lake la James linamsuta. Baadaye Ngũgĩ akaliacha jina hilo. Mwanamazingira Wangari Maathai naye amesimulia katika kumbukumbu zake kwamba alikuwa Miriam kwa Waprotestanti, akawa Mary Josephine alipoingia Ukatoliki, akasoma Kansas akiitwa Mary Jo, na aliporudi Kenya mwaka 1966 akajirudishia Wangari Muta. Mwalimu Nyerere alikwenda njia ya kati: alibatizwa Julius mwaka 1943, na jina la Kambarage likabaki hadi kaburini.

Haya si mambo ya zamani tu. Bado kuna wazazi wanaoambiwa parokiani au usharikani kwamba jina la bibi halifai kwa ubatizo. Mkatoliki anayeambiwa hivyo ana haki ya kuuliza, kwa sababu Kanuni ya 855 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inakataza tu jina lililo kinyume na fikra za Kikristo. Haidai jina la Kizungu. Na majina kama Neema, Baraka, Tumaini na Elibariki yamekuwa yakibatizwa Tanzania kwa vizazi. Ubatizo unampa mtu Baba, haumnyang'anyi babu.

Wapo waliokuwa hawana hata babu wa kumtaja. Mwaka 1864 Sultani Majid wa Zanzibar alimpa Askofu Tozer wa misheni ya Kianglikana ya UMCA wavulana watano waliookolewa kutoka katika jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, alipewa daraja la ushemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyepitia utumwani vilevile, akawa kasisi mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza katika misheni hiyo. Misheni haikuwapa majina mapya ikawaachia hapo. Wavulana walikuwa na shule Kiungani, watu wazima walipewa mashamba na makazi Mbweni, wakaoana, wakazikana. Mombasa hali ilikuwa hiyo hiyo Frere Town, kijiji cha watumwa waliokombolewa kilichoanzishwa na misheni ya CMS katika miaka ya 1870, na ambacho kengele yake imeacha jina la Kengeleni hadi leo. James Mbotela, mtoto wa mmoja wa watu hao, aliyaandika maisha yao kwa Kiswahili katika Uhuru wa Watumwa mwaka 1934. Watu waliopoteza ukoo wote walihitaji majirani wa kuwaita ndugu kwa vitendo.

Ndiyo maana ushauri wa "jifungie chumbani uongee na Mungu" peke yake hautoshi. Maaskofu Wakatoliki wa AMECEA, umoja wao wa Afrika Mashariki, waliokubaliana katika miaka ya 1970 kwamba maisha ya kanisa yajengwe katika jumuiya ndogo ndogo, walijua walichokuwa wakifanya. Nyumba kumi au kumi na tano zinazosali pamoja kila wiki zinamjua mtu kwa sura, zinajua mtoto wake anaumwa, na akikosekana zinamfuata. Kwa Walutheri na Waanglikana kuna vikundi vya mitaa, kwa Waadventista madarasa ya Shule ya Sabato. Anayekwenda ibada kubwa ya watu elfu mbili kisha akaondoka bila kushikwa mkono na mtu hajakosa imani, amekosa watu. Atafute kikundi kabla ya kutafuta semina.

Walokole wa Uamsho wa Afrika Mashariki, uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika, waliongeza jambo lingine: kusema ukweli kuhusu nafsi mbele ya wenzao. Mtu alisimama akataja wizi wake, chuki yake, uongo wake, na wenzake wakaimba. Kuna hekima kubwa hapo, kwa kuwa anayefichwa hawezi kupendwa. Anayependwa ni yule anayeonyeshwa. Hata hivyo tahadhari ni lazima. Siri ya ndoa, ya kubakwa, au ya ugonjwa haipelekwi mbele ya kundi zima eti kwa sababu wengine wameshuhudia. Ipelekwe kwa mtu mmoja aliyethibitika kwamba anatunza neno, na kwa jambo la jinai ipelekwe pia polisi.

Je, utambulisho huo wa Kikristo unastahimili moto? Historia ya eneo hili inajibu kwa uchungu. Rwanda ilikuwa nchi ya Wakristo wengi mwaka 1994, na watu wakauawa ndani ya makanisa, Ntarama na Nyamata, na waliobatizwa pamoja nao. Maji ya ubatizo hayakuwazuia wauaji. Lakini miaka mitatu baadaye, alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, waasi walivamia seminari ndogo ya Buta, kusini mwa Burundi, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Vijana wakakataa. Waseminari 40 wakauawa. Tofauti haikutokea kwa bahati. Kwa muda mrefu kabla ya hapo viongozi wa seminari waliwazoesha vijana kuongea waziwazi kuhusu ukabila na kuishi pamoja bila kujitenga. Anayetaka kuwa ndugu siku ya hatari huanza kwenye meza ya chakula ya kila siku.

Mwili nao una neno lake. Dada anayesali kila asubuhi na kumshukuru Muumba kwa kumwumba, kisha akapaka mkorogo, hahitaji kukemewa na mimbari. Amesikia matusi ya kutosha kuhusu rangi yake tangu shule ya msingi, na pengine hata harusini kwao. Anahitaji kuambiwa mambo mawili kwa upole. La kwanza ni la afya: baadhi ya krimu hizo zina zebaki, nayo huharibu figo, na ndiyo sababu mamlaka za nchi zetu zimezipiga marufuku. La pili ni la Zaburi 139, ambako mtunzi anauona mwili wake kuwa kazi ya mikono ya Mungu tangu tumboni. Mama anayempongeza mtoto mmoja kwa sababu ni mweupe amekwisha kumfundisha mwingine chuki ya ngozi yake, hata kama hakukusudia.

Kuhusu wanaouza utambulisho kwa mafuta ya upako na maji ya baraka, maneno machache yanatosha. Mhubiri anayemwambia maskini kwamba yeye ni tajiri, kisha akamtoza sadaka ili utajiri huo "ufunguliwe", amemrudisha kwenye mpangilio uleule wa kazi kwanza, uwana baadaye. Baba hamtozi mwanawe ada ya kuingia nyumbani. Mwana mpotevu wa Luka 15 alikuja na hotuba aliyoiandaa ya kuomba kazi ya kibarua, na baba yake hakumwacha aimalize.

Kwa siku za kawaida inafaa kuwa na desturi ndogo. Ignasi wa Loyola, katika karne ya 16, aliwafundisha wafuasi wake kuipitia siku nzima kwa sala: nimepokea nini, nimeanguka wapi, kesho naomba neema gani. Dakika kumi zinatosha. Anayependa kuandika anaweza kuongeza swali moja: leo nimejiita nani? Mjinga? Mzigo? Mchelewaji wa kila kitu? Majina hayo yakiandikwa kwenye karatasi huonekana wazi yametoka kwa nani, mara nyingi kwa mwalimu wa darasa la nne au mjomba mlevi, na mara chache sana kwa Mungu. Baada ya hapo asome Isaya 43, ambako Mungu anawaita watu wake kwa jina, polepole na kwa sauti.

Kuna mpaka, na usipuuzwe. Nabii Eliya katika 1 Wafalme 19 alikaa chini ya mti akaomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha akampa tena chakula, na mazungumzo na Mungu yakaja baadaye, mlimani. Mtu asiyelala kwa wiki mbili, asiyekula, anayejiona hafai kuishi au anayefikiria kujiua ana ugonjwa unaotibika, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo, asiachwe peke yake. Hospitali nyingi za mikoa na kaunti zina wataalamu wa afya ya akili. Mchungaji anayemzuia muumini kumeza dawa kwa madai kwamba ana pepo anahatarisha roho ya mtu, na wazee wa kanisa wanapaswa kumwambia hivyo.

Wazee hao hao wana jambo moja la kuombwa. Katika makanisa mengi bado michango husomwa mbele ya waumini kwa jina na kiasi, kuanzia aliyetoa milioni hadi aliyetoa elfu mbili, na wa elfu mbili husikia makofi yakipungua anapofikiwa. Kila Jumapili anafundishwa ana thamani gani nyumbani kwa Baba yake. Orodha hizo ziachiwe mweka hazina. Nafasi yake yasomwe majina ya wagonjwa, wafiwa, wageni na watoto waliobatizwa wiki hiyo.